Saa Moja kwa Mikono ya Koti

Kosa langu la kwanza pale Busia lilikuwa kufumua kola niliyoshonewa na fundi mwenzangu.

Tulikuwa mafundi cherehani sita kwenye baraza la duka moja la nguo, siku zile Waingereza wakitawala pande zote mbili za mpaka. Kila mmoja alikuwa na wateja wake, lakini tulipeana saa. Ukinishonea kola kwa saa moja, nami nitakaa kwako saa moja nikikushonea matundu ya vifungo. Hatukuulizana nani hodari zaidi. Saa ya ukutani ikigonga mle dukani, kazi inawekwa chini, tumelipana.

Mimi nilijifunza kushona peke yangu, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudisha. Niliogopa kwamba mshono wowote uliopinda ungenifichua. Kola ile ilipinda kwa upana wa uzi tu. Nikaifumua palepale, aliyeishona akinitazama. Alikuwa ndiye mkubwa wetu, mtu wa mizaha, lakini siku ile hakutania. Tangu hapo, kila nikiomba saa, kila mtu alikuwa na haraka.

Ndipo mwalimu mmoja kutoka pande za Kwapa akaniletea kitambaa cha koti la arusi yake. Nikakubali kwa kujigamba. Arusi ilikuwa Jumamosi. Kufikia Alhamisi koti lilikuwa na kila kitu isipokuwa mikono. Nilikuwa nimeipachika na kuifumua mara tano, na kitambaa kilianza kulegea begani. Mara ya sita kingechanika, na mwalimu angesimama kanisani bila koti.

Nikamwendea yule mkubwa wetu. "Mzee, naomba saa yako moja."

"Yangu mimi? Mshona kola za kupinda?"

Wenzetu wakacheka.

"Nilikosa, mzee. Nisamehe."

"Haya, nitakupa. Ila ukigusa mshono wangu, hama hapa. Nenda Iyolwa ukawashonee ng'ombe. Wale hawana haraka."

Alipachika mikono yote miwili kabla saa haijagonga. Wa kushoto, kwa macho yangu, ulikunjamana kidogo begani. Nikavikalia viganja vyangu. Ijumaa mwalimu akaja, akalivaa koti, akainua mikono juu kama golikipa, akaita wapita njia waje wamwone.

Jumatatu nikamlipa mzee saa yake, nikishona matundu ya shati la mteja wake. Nilimaliza matundu matatu tu, na saa ikagonga nikiwa katikati ya la nne. Nikaendelea.

"Weka sindano chini," mzee akasema.

"Bado halijaisha, mzee. Halafu matatu ni machache kwa saa nzima."

"Kwani nilikudai matundu? Nilikudai saa, na umenipa."

Akalichukua shati, akalimalizia lile tundu mwenyewe kwa mishono mikubwa mikubwa, huku akinitupia jicho aone kama nitaruka. Baraza zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Bado nashona polepole, na bado naona kila mshono uliopinda. Lakini saa ikigonga naweka sindano chini, na sijafumua tena kazi ya mwenzangu.