Mkia Mwekundu wa Shefu

Kabla macho hayajafunguka, enzi zetu, masikio yalisikia filimbi ya treni. Baba aliruka kitandani, akavaa kiatu kimoja, akafika barazani akihema, ndipo alipokumbuka kuwa hakuna treni. Filimbi ilitoka kizimbani, kwa kasuku wetu, Shefu, aliyepewa jina la mkuu wa stesheni.

“Siku moya nitakupika na mawese!” Baba alimwapia.

Hakumpika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta kutoka safari ya kazi kule kaskazini, akampa Yaya Madeleine, dada yangu mkubwa.

Tulikaa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, katika kambi ya watu wa reli. Nyumba zilifanana hata mlevi alipiga hodi mara tatu kabla hajapata mke wake. Nakumbuka baridi ya mwezi wa sita, vumbi jekundu kwenye visigino, na mwiko wa Mama ukigonga sufuria ya bukari, ugali wetu. Ni katika baridi hiyo Yaya alipopata nafasi katika shule ya wakunga ya masista, siku tatu kwa treni, miaka mitatu bila kurudi. Hakuna binti wa kambi yetu aliyewahi kwenda hivyo. Baba alitembea kifua mbele, kama vile ndiye anayekwenda kusoma. Lakini Yaya alikonda, na jioni moja akasema:

“Baba, bila foto yetu sisi bote na Shefu, siendi.”

“Foto ni ya bantu, haiko ya nyama sawa kasuku!”

“Basi na miye nabakia.”

Baba alikubali kabla bukari haijapoa.

Nami, mwenye miaka tisa, nikapewa kazi ya kumtayarisha Shefu. Vijana wa leo wanapiga picha hata ya sahani ya mboga kabla hawajanawa mikono. Sisi tulijiandaa kwa picha kama kwa komunyo ya kwanza. Nilimwosha Shefu kwa maji ya uvuguvugu, nikamkausha juani nimemfunga katika kikwembe, kitenge cha Mama, akaning’ata kidole. Siku nne nilimlisha matunda ya mchikichi, maana watu walisema ndiyo yanayoutia mkia wake wekundu. Nilitaka Yaya, huko mbali, aone wekundu ule akumbuke nyumbani. Kisha nikamfundisha kutulia: nilihesabu hadi kumi, na akitulia anapata karanga. Alijifunza kuhesabu. Kutulia hakujifunza.

“Ndege akikuwa muchafu,” Mama alisema huku akipuliza pasi ya makaa, “batasema na nyumba iko muchafu.”

Jumamosi tukaenda kwa Mzee Rajabu, mpiga picha mwenye kofia iliyotariziwa, ambaye watu wake walitoka Maniema. Alitupanga mbele ya pazia lililochorwa bustani, Shefu begani mwa Yaya.

“Napiga moya tu,” alituonya. “Mwenye kutikisika atatoka sawa moshi.”

“Mzee,” nikasema, “muangalie mukia yake ionekane muzuri, ile nyekundu.”

Akatoa kichwa chini ya kitambaa cheusi. “Nyekundu? Mama kadogo, mashine yangu haiyue rangi. Mukia itatoka nyeusi.”

Nililia. Msinicheke: picha nilizowahi kuona zote zilitundikwa ukutani parokiani, za mapadri na masista. Nilidhani ni nyeusi na nyeupe kwa sababu ndivyo walivyovaa.

Mama alinifuta machozi kwa ncha ya kikwembe. “Nyamaza, Leoni. Yaya yako anayua rangi yake.”

“Musitikisike!” Mzee Rajabu akapaza sauti.

Tukaganda. Baba hakupumua. Hapo Shefu akapiga filimbi ya treni, ndefu, ile ile ya alfajiri, na mguu wa Baba ukaruka wenyewe kutafuta kiatu. Yaya, ambaye hakuwa amecheka tangu barua ya masista ifike, akacheka. Mashine ikalia: ta!

Picha ilipotoka, Baba alikuwa na mguu mmoja wa mtu na mmoja wa moshi. Mkia ulikuwa mweusi kama mkaa. Yaya, kinywa wazi, meno yote nje.

“Masista batasema nini?” Mama akashika kichwa.

Nikawaza: sasa haendi, na ni kwa sababu ya ndege niliyemtayarisha mimi. Yaya aliitazama muda mrefu, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala.

“Hii njo sisi benyewe,” alisema. “Naenda.”

Leo simu ya mjukuu wangu ina picha nyingi kuliko majani ya mparachichi wetu, zote za rangi. Nikimwomba ile ya Noeli iliyopita, anasema simu ile iliibwa. Yetu ilikuwa moja. Yaya alirudi nayo akiwa mkunga, na watoto aliowapokea mtaani mwetu sasa wana mvi. Pembe za picha zimekatika, ila nikiitazama, mkia ule unawaka mwekundu.

Lakini zaidi naikumbuka asubuhi ya safari. Baba alikuwa ametangulia na sanduku. Mama na mimi tulimng’ang’ania Yaya mlangoni, hakuna aliyeweza kumwachia. Ndipo sauti ya Mzee Rajabu ikatoka kizimbani:

“Musitikisike!”

Tukaganda, mikono ikalegea. Yaya akarudi hatua moja, akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayepiga picha. Kisha akacheka, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.