Daraja la Kuua Simba

Nusu ya watu wa Hasamba waliingia duniani kupitia mikono ya Enesi, na nusu hiyohiyo walipokua wakamwita mkorofi. Hakujali. Alisema mtu uliyemwona hana nguo wala meno hawezi kukutisha kwa sababu leo amevaa koti.

Kilichomkosesha usingizi ni mto. Kiangazi unauvuka bila kuloa magoti. Masika unabeba magogo na ndama. Machi mmoja alisimama ukingoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kikapu cha ukunga kichwani, akimsikia mwanamke wa ng'ambo akilia, kisha akamsikia akinyamaza. Mama na mtoto walizikwa kaburi moja. Tangu siku ile Enesi hakutaka mtu amhubirie habari za subira. Na sasa, mwaka 1951, binti yake wa pekee, Priska, alikuwa ameolewa ng'ambo hiyohiyo, njia ya Iyula, mume yuko migodini Kopabeti, na mtoto alitarajiwa kuzaliwa Machi.

Mwaka huo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alitangaza jambo jipya. Makisio ya matumizi ya hazina ya wenyeji, kabla ya kupigwa muhuri, yatasomwa barazani, na mlipa kodi yeyote ataweza kusimama na kupendekeza yabadilishwe. Wanaume wakaona ni mtego, wakakaa makwao. Enesi akavaa gauni la kanisani, akaenda.

"Stakabadhi ya kodi?" akauliza Watson, karani wa baraza, mtu aliyeweza kuipigia kanuni magoti.

Wanawake hawakutozwa kodi ya kichwa. Enesi akafungua fundo la kanga, akatoa stakabadhi ya marehemu mumewe, Mbonile. Watson akaigeuza huku na huku.

"Ni halali," akasema. "Wala haikuandikwa popote kwamba mwenyewe amekufa."

Mwene, mtawala wao, akakuna kidevu, akakata shauri: "Mzee Mbonile ana ruhusa ya kusema."

Basi asubuhi nzima Enesi akawa Mzee Mbonile. Hakubisha. Mbonile mwenyewe, enzi za uhai wake, hakuwahi kusikilizwa namna ile.

"Nataka daraja," akasema.

"Vyema, Mzee Mbonile. Tulitoe katika fungu gani?"

Hapo ndipo kanuni ilipong'ata. Fungu jipya halifunguliwi, na cha kuongeza lazima kitoke kwenye cha zamani. Watson akayasoma mafungu moja moja. Mwavuli wa mwene: mwene akakohoa, wakapita. Ng'ombe wa kuwachinjia wageni wa heshima: wazee wote wakakohoa, wakapita. Kuua simba: hakukohoa mtu. Simba wa mwisho Hasamba alionwa mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka, tena na mlevi.

"Toeni hapo," Enesi akasema.

"Haiwezekani. Fedha za simba ni za simba."

Enesi akavuta pumzi ndefu, kama alivyowafundisha wanawake wenye uchungu kuvuta. "Simba yuko upande gani wa mto?"

Wazee wakatazamana. Nani angekubali kwamba simba yuko upande wa kwake? "Ng'ambo," wakajibu kwa pamoja.

"Na mwindaji atamfikiaje?"

Daraja likapitishwa kabla jua halijawa kali. Lilijengwa kwa magogo mazuri, lina mikono ya kushikia. Siku ya kulifungua Watson akabandika karatasi: daraja hili ni la fungu la kuua simba, kwa hiyo litavukwa na wawindaji wa simba peke yao, likitumika vinginevyo, litabomolewa. Akawekwa Kefa, aliyepigana Burma wakati wa vita, kuwa mlinzi, akapewa mkuki wa serikali.

"Mwindaji nitamjuaje?" Kefa akauliza.

Watson akafikiri. "Ana mkuki."

Ikawa hivyo. Mikuki ya mababu ikachomolewa kwenye nyasi za mapaa. Akina mama walipeleka kahawa kwenye mzani debe kichwani, mtoto mgongoni, mkuki mkononi. Katekista Yonathani alivuka na Biblia huku na mkuki huku, hana mkono wa kumpungia mtu. Bwana Shauri alipokuja kukagua, akawakuta wanawake arobaini wakiteremka na mikuki, akavua kofia.

"Simba wangapi wameuawa?"

"Hakuna, Bwana," akajibu Watson. "Hawathubutu."

Bwana Shauri akafurahi, akaliongeza fungu.

Enesi alicheka na wenzake, lakini moyoni aliona uchungu. Siku za Priska zilikuwa zinakaribia, na bado mtu alihitaji mkuki ili avuke.

Machi ukafika, mto ukafurika. Mzee Andongwisye wa ng'ambo akafariki, Hasamba yote ikavuka kwenda kuzika, na mikuki yote ikaenda msibani. Enesi alibaki na homa. Saa tatu asubuhi wanawake wakaita kutoka kilima cha ng'ambo: Priska ameshikwa na uchungu. Akachukua kikapu, akakimbia.

"Mkuki, mama," Kefa akasema.

"Mikuki yote iko msibani!"

"Najua. Niliihesabu ikivuka. Nikikupitisha hivihivi watalibomoa. Karani ameniapia."

"Si mimi niliyekupokea ulipozaliwa?"

"Hapana, mama. Mimi ni mtu wa Ibaba."

Enesi akakishusha kikapu. Akaketi kwenye tope. "Niliomba daraja, Kefa. Mwanangu yuko pale."

Kefa akautazama mto, akautazama mkuki wake. Kisha akamkabidhi. "Haya, mwindaji, pita."

"Na wewe?"

"Asiye na mkuki haruhusiwi kuwa darajani." Akatoka, akaenda kukaa majanini.

Mtoto alikuja na miguu mbele. Enesi alipambana naye mpaka saa sita, na alipomtoa alikuwa wa buluu, akampulizia, akampiga nyayo, akamwita kwa majina yote ya ukoo. Hatimaye mtoto akalia.

Alipotoka kumwaga maji, akamkuta Kefa amesimama uani, kofia mkononi, mkono wa pili mtupu.

"Umevukaje?"

"Nimevuka tu, mama. Mlinzi hakuwapo. Mtoto amelia?"

"Amelia."

Kefa akachuchumaa, akaufunika uso kwa kofia. Alikuwa mtu wa kwanza kulivuka daraja lile akiwa mtu tu. Enesi akaketi kando yake, akaangua kilio kikubwa hata wanawake wakatoka ndani mbio, wakidhani mtoto amekufa.