Mkanda wa Mke Mvumilivu

Moshi wa jenereta uliochanganyika na harufu ya mpunga mpya: hivyo ndivyo Chanzuru ya utoto wangu inavyonirudia. Msimu ule wa mavuno jirani yetu mmoja alileta televisheni na deki, na kila alasiri wanawake waliacha kupepeta wakaenda kwake kutazama filamu za ndoa. Sisi watoto tulikaa mbele kwenye mkeka, pua karibu ziguse kioo. Msimu huohuo mama mdogo Zaina alirudi kwetu kutoka kwa mumewe, kijiji cha Kisanga, jicho limevimba, hana hata kanga ya kubadilisha.

Bibi, mama yake mzazi, hakumuuliza kitu. Siku ya pili alimshika mkono akampeleka kwenye filamu. Ndiyo dawa aliyoiona! Kwenye mkanda ule mume alimzaba mkewe kofi, muziki ukalia, mke akaokota vipande vya sahani huku akiomba radhi. Akavumilia, akavumilia, hadi mume akapiga magoti akilia. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakajifuta machozi kwa ncha za kanga. Mama mdogo alikuwa anatazama sakafu.

“Umeona, Zaina?” Bibi alimwambia njiani. “Mvumilivu hula mbivu.”

“Mama, yule akimaliza kuigiza anafutwa rangi usoni. Mimi hii haifutiki. Yule mwanamume ataniua.”

“Astaghfirullah! Usitutie aibu.”

Kesho yake Bibi alijaza mchele mpya kwenye kikapu, akamsindikiza hadi Kisanga, akamwomba mkwe radhi kwa niaba ya binti yake. Mkwe ndiye aliyeombwa radhi, jamani! Siri ya mtungi aijuaye kata. Nayo kata ilikwishasema, sisi ndio tuliojifanya viziwi. Mpunga wa msimu ule haujaisha ndani, mama mdogo akaletwa amelazwa kwenye tela la trekta, taya limevunjika, sikio la kushoto halisikii tena. Bibi alijipiga kifua akilia, “Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu!” Safari hiyo hakuna aliyetaja subira.

Sasa mama mdogo anaishi kwangu, Mikumi. Nyama hawezi kutafuna, na ukitaka kumsemesha lazima ukae kulia kwake. Filamu siku hizi zinaingia hata kwenye simu, picha zinang’aa, lakini kofi ni lilelile na magoti ni yaleyale, na majirani zangu bado wanajifuta machozi. Mimi hukasirika. Yeye hutazama tu. Juzi mke wa kwenye filamu alipoanguka chini, mama mdogo alinigeukia.

“Mwanangu, huyu hana kwao?”

“Kwao kupo, mama mdogo. Ndio waliomrudisha.”

“Basi, izime,” akasema.