Alama ya Mbuzi wa Baba Yake Kwenye Alteneta

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Kombani. Mbodze Tsuma amechuchumaa juu ya turubai lililochakaa, tindo mkono mmoja, nyundo ndogo mkono wa pili. Mbele yake ipo pampu ya maji ya gari, mpya, bado inanuka mafuta ya kiwandani.

"Mzee Iddi, sogea uone," anasema.

Iddi Suleiman, dereva wa Probox kutoka Kibuyuni, anainama huku ameshika kiuno. Nyundo inagonga. Ubavuni mwa pampu inabaki mistari miwili mifupi na mmoja mrefu, myembamba kama uzi.

"Umeiona?"

"Nimeiona, fundi."

Ndipo Mbodze anapochukua spana. Hakuna kipuri kinachoingia wala kutoka katika gereji yake bila alama hiyo, na bila mwenye gari kuulizwa swali hilo akalijibu kwa mdomo wake mwenyewe. Ukishasema umeiona, huwezi kurudi kesho ukidai fundi amekubadilishia. Na fundi naye hawezi kukubadilishia.

Ni alama hii hii ambayo duka moja la mtandaoni, lenye ghala lake Nairobi, liliigeuza kuwa kosa. Kisa chenyewe kinaudhi, na mwandishi wa habari hizi hataki kujifanya hakikumuudhi.

Mbodze ana umri wa miaka 41 na watoto watatu. Alizaliwa upande wa Kinango, kwenye nchi kavu, ambako baba yake, Mzee Tsuma Boga, alifuga mbuzi maisha yake yote. Kila boma lilikuwa na alama yake ya sikio.

"Ya kwetu ilikuwa mikato miwili mifupi na mmoja mrefu, sikio la kushoto," anasema. "Mbuzi wetu akipotea akaonekana sokoni, baba hakupiga kelele. Alishika sikio tu, akasema huyu ni wangu. Na watu walikubali, hata yule aliyekuwa anamuuza."

Alifika Kombani mwaka 2006 akiuza chai kwa mafundi. Mmoja wao, Sanga, aliyekuwa na gereji hapo, alimwona akikodolea macho nyaya za magari zaidi ya birika lake, akamwambia aache chai ashike spana. Akaishika. Leo ndiye anayetafutwa gari likikataa kuwaka, toka Ng'ombeni hadi Matuga.

Lakini mwaka wake wa pili tu kazini, mteja alimsingizia kwamba ameuza stata yake mpya na kumfungia ya zamani. "Nililia siku ile. Watu walinizunguka, nami sikuwa na cha kuonyesha. Mwanamke kwenye gereji, nani atamwamini?" Usiku ule akawakumbuka mbuzi wa baba yake. Asubuhi akanunua tindo.

Siku njema humwachia shilingi 1,500 baada ya kodi ya kibanda. Siku nyingine hurudi nyumbani na harufu ya petroli tu. Anachotegemea ni jina lake, basi.

Mwishoni mwa Machi mwaka huu, Probox ya Iddi iliwasha taa ya betri. Alteneta, ile inayochaji betri gari likiwa linatembea, ilikuwa imekufa. Ukunda waliomba shilingi 16,000 kwa iliyotumika. Mtandaoni, Mbodze akaiona mpya kwa 11,500, na chini yake maneno matamu: dhamana ya miezi sita, ikiharibika tunabadilisha bila maswali.

Iddi hana simu ya kuperuzi. Mbodze akaagiza kwa simu yake, kwa jina lake, kwa pesa za Iddi. Baada ya siku nne boksi likafika. Akalifungua mbele ya Iddi, akagonga alama yake chini ya sikio la kufungia boliti, akauliza, akajibiwa, akafunga.

Ilidumu siku ishirini na tatu.

Iddi huwabebea mwani kina mama wa Kibuyuni, wanaoulima baharini maji yakiwafika kiunoni, kisha wanauanika kwa siku kadhaa. Siku ile alikuwa na magunia kumi na mawili, mengine ndani, mengine juu ya gari. Alipofika Ramisi mvua ya masika ikashuka. Waipa zikaanza kujikokota, taa zikafifia, injini ikazima. Turubai likapeperuka, na mpaka msaada ufike magunia ya juu yalikuwa yanachuruzika. Mwani mkavu ukinyeshewa rangi hugeuka, na mnunuzi hautaki.

"Niliwarudishia kina mama magunia yale," anasema Iddi, sauti ikishuka. "Wallahi hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana." Wiki iliyofuata walikodi gari jingine.

Mbodze aliifungua Probox, akaipima alteneta. Nyaya za ndani zilikuwa zimeungua zenyewe kwa zenyewe. Hakuwa na wasiwasi. Dhamana ilikuwepo, na miezi mitano ilikuwa imebaki.

Duka lililoahidi kutouliza maswali likamwuliza mpaka akachoka. Boksi lake liko wapi? Picha za gari na za alteneta je? Cheti cha fundi? Kisha akatakiwa kuituma alteneta Nairobi kwa basi, kwa gharama yake. Akaituma. Siku kumi na sita kimya. Hatimaye ujumbe ukaingia kwamba ombi lake limekataliwa. Akapiga simu, ikapokelewa na binti aliyejitambulisha kwa jina la Mercy.

"Madam, hiyo spea imechezewa," binti akamwambia. "Iko na mikwaruzo. Waranti imekufa."

"Imechezewa vipi, mwanangu? Hiyo ni alama yangu. Iko kwenye gamba la nje, umeme hauko huko."

"Ndio hivyo masharti yanasema, madam."

"Masharti ya nani?"

Simu ikakatwa.

Masharti hayo yapo, tumeyatafuta. Yameandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama sisimizi, chini kabisa ya ukurasa ambao mnunuzi hana sababu ya kuufikia. Tangazo lenyewe ni la Kiswahili safi. Wakitaka kuuza, wanakijua Kiswahili vizuri. Wakitaka kukataa ndipo Kiingereza kinapowajia. Na hakuna popote walipoeleza namna mikwaruzo mitatu kwenye gamba inavyoweza kuunguza nyaya za ndani, kwa sababu haiwezi. Fundi yeyote atakwambia. Wao pia wanajua.

Kisha wakamwambia kwamba akiitaka alteneta yake mbovu, alipe shilingi 1,200 za kuirudisha.

"Nilipie nauli ya maiti?" anauliza Mbodze. "Nikawaambia kaeni nayo."

Alichukua akiba aliyoitenga kwa karo ya mtoto wake wa pili, akamnunulia Iddi alteneta iliyotumika kutoka Ukunda. Hakulazimishwa. Iddi hata hakumdai.

"Hakunidai, lakini alianza kunisalimu kwa adabu mno," anasema. "Mteja wako akianza kukuheshimu hivyo, jua ameshaanza kukutilia shaka. Alinikubali kwa sababu ya ile alama. Sasa ameambiwa ni alama hiyo hiyo iliyomponza. Angenielewaje?"

Iddi, akikumbushwa hayo, anacheka kwa aibu. "Si kwamba nilimdhania mwizi. Nilijiuliza tu, labda angeacha kugonga nyundo, ningekuwa na mwani wangu."

Kwa miezi mitatu tindo lilikaa kwenye kopo. Mbodze alifunga vipuri bila alama, bila swali, na kila alipofunga alihisi anafanya kazi ya mtu mwingine.

Halafu Agosti akaja Abdulwahab, kijana anayeendesha teksi Diani, na boksi lililofungwa kwa nailoni. Alteneta ya Probox. Mpya. Duka lile lile.

"Shikamoo, fundi. Nifungie hii haraka, nina wageni saa nane."

"Marahaba. Umeinunua kwa hawa?" Mbodze akaguna. "Haya, lete."

Aliitoa kwenye boksi. Iling'aa kwa rangi ya fedha. Akaipindua ili kuona sikio la boliti limekaa upande gani, na kidole gumba kikapita juu ya kitu. Akarudisha kidole. Akachovya tambara kwenye petroli, akasugua.

Rangi ikatoka. Mstari mfupi. Mwingine mfupi. Mmoja mrefu.

"Nikaisogeza kwenye mwanga, nikaihesabu mistari upya," anasimulia.

"Kwani vipi, dada?" Abdulwahab akauliza.

"Hii nimeshaifunga mimi. Ilifia Ramisi."

Kijana alidhani ni utani mpaka alipooneshwa picha ambazo Mbodze alilitumia duka mwezi Aprili, alama ile ile mahali pale pale. "Subhanallah," akasema, "mimi nimelipa elfu kumi na mbili!" Walimpigia Iddi, akaja mbio kutoka Kibuyuni. Aliishika alteneta kwa mikono miwili.

"Kwa chuma hiki nimefukuzwa kwenye mwani," akasema. "Nao wamekipaka poda kama bibi harusi, wakakioza tena!"

Kisha akamgeukia Mbodze mbele ya mafundi wote wa Kombani, akamwomba radhi.

Tutazame jambo hili lilivyo. Alama ile ile waliyoiita uharibifu, waliifunika kwa rangi wakamuuzia mtu mwingine. Walipomkatalia Mbodze, kipuri kilikuwa kimechezewa. Walipomwuzia Abdulwahab, kikawa kipya, na dhamana ya miezi sita juu yake. Huu si uzembe wa karani. Kuna mtu alishika brashi.

Malalamiko yao yalipofika kwa duka hilo pamoja na video ya alama hiyo iliyorekodiwa pale gereji, majibu hayakuchukua siku kumi na sita. Yalichukua saa mbili. Abdulwahab akaahidiwa fedha zake. Mbodze akaahidiwa alteneta mpya kabisa, kwa sharti moja tu, kwamba airudishe ile ya zamani, ambayo Abdulwahab alimwachia.

"Na safari hii nauli wanalipa wao," anasema, akiangua kicheko kisicho na furaha. "Wangemtuma mtu wa pikipiki mpaka hapa mlangoni. Nikawaambia, kaeni nayo nilisema zamani. Sasa nakaa nayo mimi."

Tulipolipigia simu duka hilo, msemaji wake alisema suala linafuatiliwa. Jina la duka tunalihifadhi kwa kuwa shauri litasikizwa mwezi ujao, Mombasa, mbele ya maofisa wanaopokea malalamiko ya wanunuzi. Mbodze anadai bei ya alteneta, hasara ya magunia ya kina mama wa Kibuyuni, na barua ya kukiri kwamba alama yake haikuharibu chochote. Akiambiwa achague moja, atachagua barua. Kina mama, kwa upande wao, wamekwisha kumrudia Iddi.

Alteneta yenyewe ameifunga kwenye leso na kuihifadhi chini ya kitanda. Tindo limetoka kwenye kopo.

Wakili wa kujitolea amemshauri aende na shahidi mtaalamu, mhandisi ikiwezekana. Mbodze amekubali, ila ana shahidi wake mwingine. Mzee Tsuma sasa anakaribia miaka themanini, na wiki hii amekubali kusafiri kutoka Kinango kwa ajili ya shughuli hiyo.

"Baba hajui alteneta ni kitu gani," anasema Mbodze, akiipangusa pampu ya Iddi. "Sitamweleza. Nitamwekea mkononi, nimshike kidole nikipitishe hapo kwenye alama, mbele ya hao wenye duka. Halafu nitamuuliza swali moja tu: Baba, umeiona?"