Matokeo Aliyotaka Bi Ummu Yaandikwe

"Matokeo gani, Bi Ummu? Matokeo gani?"

"Wewe andika tu. Mengine atayajua mwenyewe."

Bwana Muhdhar aliiweka kalamu chini kwa mara ya saba. Alikuwa karani miaka thelathini huko Mokowe, akastaafu akarudi kwao kisiwani Amu kupumzika, na hajapumzika hata siku moja, maana mtaa mzima ni yeye aandikaye barua za Kizungu. Ameandika za kuomba kazi, za kukataa posa, na moja ya kumshitaki punda. Lakini mtu kama huyu mwenye nyumba, aliyeketi naye dakani, kibarazani mwa mlango, asubuhi hii, hajapata. Bi Ummu akipaza sauti, boti za Kiwayu hugeuka nyuma zikidhani ni radi.

Juu yao nyundo ya fundi Bakr iligonga, ko, ko, ko. Alikuwa akitoboa dirisha kwenye ghorofa mpya ya Zein, mtoto wa kakake Bi Ummu, nyumba ya ng'ambo ya ndia hii nyembamba, ili wageni wa kupangisha wapate upepo. Upepo wataupata. Na kiwanda cha Bi Ummu, ule ua wa ndani usio na paa, watakipata chote machoni. Humo ndimo alimo bintiye Amal, yumo edani, mumewe hata miezi miwili hajatimiza kaburini. Hatoki nje. Mbingu yake yote ni ile ya kiwandani, na tangu nyundo ianze amejifungia chumbani, jua halioni.

Zein ameambiwa mara nne. Mara nne amejibu, "Nitaangalia, shangazi."

Basi shangazi ataka barua, na mwisho wake yawepo maneno haya haya: "or bear the consequences thereof," yaani, la sivyo uyabebe matokeo yake. Yalikuja zamani katika barua ya ofisi fulani, na marehemu mumewe akakonda kwa siku tatu hata kofia ikamshukia puani.

"Na ofisi ilisema itamfanya nini?"

"Haikusema! Ndiyo utamu wake."

"Bi Ummu, sikiza, nakuomba. Maneno haya hayanyunyizwi kama chumvi. Kwanza wamwambia mtu afanye nini. Pili, mpaka lini. Tatu, asipofanya, wewe utafanya nini, na liwe jambo uliwezalo. Ofisi ilikuwa na askari nyuma yake. Wewe una nani?"

"Nina babu yangu! Alizijenga nyumba zote mbili kwa mkono mmoja, na wa pili kamshika papa."

"Babu yuko kaburini, papa ameliwa. Taja jambo."

"Nitawamwagia wageni wake maji ya samaki."

"Utashikwa wewe."

"Nitakwenda kwa kadhi."

"Alhamdulillahi! Tuandike kadhi."

"Nimpeleke mtoto wa kakangu kwa kadhi? Una wazimu, Bwana Muhdhar? Nti nzima initazame?"

Bwana Muhdhar alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alitamani arudi Mokowe kwa kuogelea.

"Basi nitaufunga mlango wa wikio," Bi Ummu akasema.

Wikio ni kile chumba kilichopita juu ya ndia, kikaziunga nyumba mbili. Bwana Muhdhar aliinua kichwa. Hili sasa lilikuwa jambo. Lina mlango, lina kufuli, na ufunguo ni wa Bi Ummu. Akaanza kuandika: asipoliziba dirisha kufikia Ijumaa, mlango wa wikio utafungwa. Akafika nusu ya mstari, kalamu ikasita.

"Chakula cha Amal hupita wapi?"

Bi Ummu alitazama ndia kana kwamba punda apitaye anamdai jibu.

"Huletwa na Jamila, mke wa Zein, sivyo? Na hupita wikioni. Amal hali cha mkono mwingine, hata wako."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Andika matokeo. Usiyataje."

"Ya Rabbi, Bi Ummu! Tumerudi pale pale!"

"Basi nipe mimi niandike!"

"Hujui kuandika!"

"Na wewe ujuaye umeandika nini tangu asubuhi?"

Walikuwa wote wameishika karatasi, kila mtu upande wake, nyundo iliponyamaza. Zein akaingia dakani, nywele nyeupe kwa chokaa, mikononi kabeba sinia limefunikwa kawa.

"Asalaam aleikum. Wikio limejaa vumbi, shangazi, nikaona niupitishe huku wali wa Amal. Jamila asema jana hakumaliza, amemzidishia nazi." Akaitazama karatasi. "Mwaandika nini?"

Bi Ummu akaikalia.