Rangi ya Fedha Juu ya Paa

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba waya bado upo. Umetandazwa juu ya reli kutoka Sydney, unapanda milima yote, unafika hapa kwetu Lithgow, una umeme usiku na mchana, na chini yake treni za mizigo zinavutwa na dizeli. Dizeli tatu, siku nyingine nne, zinatema moshi kwenye mashuka niliyoanika, chini ya waya wenye umeme! Ukiuliza unaambiwa wakubwa wamekaa wakaona ndivyo inavyolipa. Haya. Mimi Glenys nilikata tiketi stesheni miaka thelathini na moja, na sijawahi kukutana na mtu wa kunieleza hilo nikalielewa.

Kama mimi nakereka hivyo, mfikirie Merv Tickner.

Merv aliajiriwa reli akiwa na miaka kumi na sita, kusugua vichwa vya treni vya mvuke, wakati waya wa umeme ulikuwa umefika Lithgow mwaka mmoja tu kabla. Alirudi nyumbani kila siku mweusi tii, mama yake akimvulisha viatu na suruali mlangoni. Siku moja akapandishwa ndani ya kichwa cha umeme kumsaidia dereva. Akakuta kiti, dirisha safi, na shati lake likarudi jeupe. Hakutaka kitu kingine tena maishani. Nola, mkewe, husema yeye aliolewa uke wenza na chuma cha tani mia.

Alivuta makaa ya mawe milimani zaidi ya miaka thelathini. Jambo alilojivunia kuliko yote ni kuteremka. Vichwa vile vikishuka na mzigo, dereva anazigeuza mota ziwe za kuzuia, zinazalisha umeme, na umeme ule unarudi kwenye waya. Treni nyingine inayopanda upande wa pili inautumia. Kwa hiyo madereva walikuwa na deni la utani: uliyepanda siku hiyo ulikuwa umekula umeme wa mwenzako aliyeshuka, na jioni klabuni unamletea bia.

"Umeme wangu ulikuwaje leo?" Merv alikuwa akimuuliza mtu mbele ya baa nzima.

"Ulikuwa na chumvi nyingi, bwana. Punguza."

Mwishoni mwa miaka ya tisini vichwa vya umeme vya mizigo vikaondolewa. Vingi vilikatwakatwa vikauzwa chuma chakavu. Merv akamalizia kazi yake juu ya dizeli, iliyomla masikio. Hiki kimoja tulichonacho kilinusurika kwa sababu kilisahauliwa nyuma ya banda, na sisi wastaafu tisa tumekitengeneza miaka kumi na minne, kila Jumatano na Jumamosi, kwa mikono yetu na pai za nyama za Nola. Kina mota zote. Kwenye sikukuu zetu watu wanakuja kukitazama, na unajua kinatoka bandani vipi? Kinavutwa na dizeli. Merv siku hizo hujifungia chooni mpaka ipite.

Mwaka jana daktari alimpima masikio akamwambia kilichobaki kitakwisha karibuni, labda kabla ya Krismasi ya mwaka huu. Merv akaja bandani, akakaa kwenye ndoo, akatuambia waziwazi: "Nataka nikisikie mara moja. Nikisikie na kitembee. Baadaye nifungeni masikio hata kwa saruji."

Tuliandika barua miezi kumi na moja. Hatimaye tukajibiwa: kuna kipande cha reli ya pembeni, mita mia tatu, chenye waya juu yake. Waya huo utaondolewa Jumatatu kwa sababu hauna kazi. Jumamosi kabla ya hapo, saa tatu asubuhi mpaka saa tano, tutapewa umeme. Dakika moja zaidi, hapana. Na atakayeendesha lazima awe na leseni hai. Merv angekaa pembeni yake tu.

Jumamosi ile ya Agosti ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Merv alivaa tai yake ya kazi. Dereva tuliyepewa alikuwa binti anaitwa Tegan, anayeendesha treni za abiria, hajawahi kugusa kichwa kama hiki. Merv alimpokea kwa mkono.

"Umewahi kuendesha mashine isiyokufanyia kila kitu?"

"Nina gari la baba yangu, mzee. Hata kuwaka haliwaki."

"Basi tutaelewana," akasema, na nikaona anacheka, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Kabla ya umeme kuwashwa, mkaguzi, Bwana Petrakis, alipanda juu ya paa. Huko ndiko unakokaa ule mkono wa chuma unaoinuka kugusa waya. Kwenye ncha yake kuna vipande virefu vya kaboni vinavyosuguana na waya na kuleta umeme ndani. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaita chini.

"Hivi nyinyi, nani kapaka rangi kaboni?"

Tukainua shingo kutazama.

"Rangi ya fedha! Matabaka mawili! Inang'aa kama sahani ya harusi! Mnataka umeme upite wapi? Hii ikigusa waya itapiga cheche mpaka iukate. Siwashi kitu hapa mpaka iishe yote."

Merv akapandwa na hasira, nikadhani atadondoka. "Nani?" alisema. "Nani mpumbavu huyo? Hata mfagiaji wa stesheni anajua kaboni haipakwi rangi! Miaka kumi na minne! Nani?"

Aliipaka yeye mwenyewe. Januari mwaka juzi, siku ya joto kali, alikuwa juu ya paa na kopo na brashi na leso kichwani, akiimba. Nilikuwa nimesimama chini nimeshika ngazi. Nilimwona anapitisha brashi kwenye kaboni, nikasema moyoni, hiyo si sawa, halafu nikasema moyoni tena, wewe mkata tiketi utamfundisha nini Merv Tickner? Nikafunga mdomo. Tulikuwa tumekipenda kile chuma mno, tukipaka kila kinachopakika, na mimi nilimheshimu mno. Kwa hiyo kosa ni langu nusu, na kwa hilo sijajisamehe.

Alikuwa akitutazama mmoja mmoja. Sikuona hata chembe ya kukumbuka usoni mwake. Hapo ndipo nilipoogopa, si kwa ajili ya kichwa cha treni. Wenzangu wawili waliokuwepo siku ile walitazama viatu vyao.

"Ni mimi, Merv," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilidhani kitapendeza kwenye picha."

"Kwenye picha!" Aligeuka akaniachia mgongo. "Glenys, miaka yote hii nakuona una akili."

Kukwangua kungechukua nusu saa kama tungekuwa tunakwangua tu. Lakini juu ya paa hupandi hivihivi. Waya unapimwa kwanza kama hauna umeme, unaunganishwa na ardhi, fomu inasainiwa, kila anayepanda anasaini, akishuka anasaini, na mtu wa kusaini alikuwa upande wa pili wa yadi anakunywa chai. Mikono yetu ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi; mimi nilipangusa vumbi kwa brashi yangu ya rangi, ile inayokaa mfukoni mwangu siku zote. Msasa ukaisha, mmoja akakimbia nyumbani kuchukua mwingine. Merv alisimama chini anaitazama saa yake ya mfukoni kila baada ya dakika, na kila akiitazama ananitazama na mimi.

Saa tano kasoro dakika kumi na tisa umeme ukawashwa.

Walipiga pampu ya mkono ndani kujaza hewa, ule mkono wa paani ukainuka polepole, ukagusa waya. Ikatoka cheche moja ndogo ya buluu. Halafu kile chuma kikaamka. Feni zikaanza, pampu za hewa zikaingia, sakafu ikatetemeka, sauti nene ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa na nywele nyeusi. Nililia, sifichi. Merv alikuwa dirishani, ameweka kiganja chote kwenye ukuta wa ndani.

"Twende!" akamwambia Tegan. "Achia breki, tia umeme hatua ya kwanza. Twende!"

"Lazima nipime breki kwanza, mzee. Hewa bado haijajaa."

"Imejaa ya kutosha. Miaka thelathini nimeisikiliza hewa hiyo."

"Sheria inataka geji, haitaki masikio. Nikiondoka hivi naipoteza leseni."

"Hatua tatu tu, binti yangu! Mita mbili! Gurudumu ligeuke mara moja!"

Alikuwa anamwomba, yule mtu ambaye hajawahi kumwomba mtu chumvi mezani. Tegan macho yalimjaa maji, lakini mkono haukutoka mapajani. Sindano ya geji ilipanda kama inavyopanda, haina haraka na mtu. Ilipofika alama, Tegan akashuka mbio kukagua breki gurudumu moja baada ya jingine. Alikuwa amefika la nne kati ya kumi na mawili Bwana Petrakis alipoinua mkono: saa tano.

Umeme ukakatwa. Feni zilichukua muda kunyamaza. Merv alibaki amekaa mpaka ya mwisho ikasimama, kisha akashuka ngazi akitangulizia mguu usiomuuma, akatembea moja kwa moja hadi nilipokuwa.

"Kingetembea," akasema. "Kilikuwa tayari. Kingetembea."

"Najua, Merv. Nisamehe."

Nola alikuwa nyuma yake ameshika chupa ya chai. Yeye ndiye aliyefua ovaroli alilovaa Merv Januari ile, lenye madoa ya fedha mpaka kwenye kola. Alinitazama, akanimiminia chai mimi kwanza.

Merv alinyoosha mkono akaichukua brashi iliyokuwa mfukoni mwangu.

"Kuanzia leo hugusi rangi kwenye banda hili," akasema. "Nitapaka mwenyewe."