Hamjambo Iliyojibiwa Hamjambo

Wanaosema nina hasira hawajawahi kufundisha vidudu, wale wadogo wa kabla ya darasa la kwanza. Kaa asubuhi moja ya baridi ya Njombe na watoto arobaini wenye kamasi, kila mmoja akitaka kwenda kujisaidia pale tu mwenzake anaporudi, halafu uje unihubirie upole.

Enzi za Mwingereza darasa la vidudu lilikuwa kitu kigeni kwetu. Wazazi waliuliza, mtoto ambaye hata mbuzi hajaweza kuchunga, shuleni anakwenda kufanya nini? Misheni ikanikabidhi darasa hilo, kisha ikaniongezea mabinti wa kujifunza ualimu kwangu. Nikawapa sheria. Mwalimu husimama wima. Mwalimu hachezi na watoto. Kibena na Kikinga vinabaki nje, ndani ni Kiswahili. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunja kwelikweli, watoto na walimu wao pamoja.

Ndipo akaja binti mmoja wa Ipelele. Jamani! Kila nikichungulia dirishani namkuta chini kwenye mkeka, anajifanya mbuzi.

"We binti," namwambia, "umekuja kusomea ualimu au umbuzi?"

Anacheka, anasimama. Nikigeuka tu, keshakuwa kuku.

Mtihani wa kufundisha mbele ya mkaguzi aliufeli mara ya kwanza. Alisimama wima kama nilivyomwagiza, sauti ikamkauka, watoto wakamtazama, naye akawatazama, mpaka kengele ikalia. Nafasi ya pili ilikuwa ndiyo ya mwisho. Baba yake mdogo alikwisha tuma ujumbe kwamba akishindwa tena arudi akalime viazi, habari za shule ziishe. Alinieleza hayo huku analia, na mimi badala ya kumfariji nikamwambia, "Basi usicheze."

Mtihani ulipangwa Makambako, kwa watoto asiowajua. Tulikwenda kwa basi la shirika la reli, basi la relwe ndivyo tulivyoliita, ingawa reli yenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Tuliposhuka upepo ukanivua kilemba, nikakikimbiza barabarani mbele ya watu wote. Binti aliuma midomo asicheke. Nilimwona.

Watoto wenyewe walikuwa na wiki moja tu shuleni, wote wa Kibena, Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji. Mimi nikakaa nyuma. Mkaguzi akaingia, Mzungu mrefu mwenye soksi za kufika magotini na daftari kwapani.

"Hamjambo, watoto?"

"Hamjambo!" wakaitika kwa nguvu zote.

Msiwacheke. Kwao ukiambiwa kamwene unarudisha kamwene, salamu imekwisha, kila mtu aende shambani. Nani aliwaambia kwamba Waswahili wanaulizana neno moja na kujibu jingine? Mkaguzi akajaribu tena, wakamrudishia tena, kwa adabu kubwa.

Binti akasimama wima. "Hapana. Semeni, hatujambo."

"Hapana semeni hatujambo!"

"Nyamazeni!"

"Nyamazeni!"

Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari. Na baridi yote ile, jasho lilinitoka mgongoni. Binti akanitazama, macho yamemjaa maji. Nikamkunjia uso na kunyoosha mgongo, maana yake simama wima, usithubutu.

Akageuka. Akamwendea mkaguzi, akapiga goti kidogo, akasema, "Samahani, Bwana. Naomba ukae hapa mkekani na watoto."

Yesu wangu! Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mzungu yuko chini, magoti yamemfika masikioni.

"Hujambo, mtoto?" binti akamuuliza.

"Sijambo, mwalimu," akajibu kwa kisauti chembamba.

Watoto walicheka mpaka wengine wakalala chini. Binti akamuuliza tena, naye akajibu tena. Kisha akamfanya mkaguzi aulize, yeye binti akajibu. Katoto kamoja kakasimama na kujigonga kifua, kanataka nako kaulizwe. Kakaulizwa. "Sijambo!" Wote wakaanza kugombea zamu. Hata kipindi hakijafika nusu, darasa zima likiulizwa hamjambo linanguruma hatujambo, na mkaguzi ananguruma nalo.

Akainuka, akajikung'uta vumbi. "Amefaulu," akasema. "Njia hii kafundishwa na nani?"

Kabla sijafungua kinywa, binti akadakia, "Na mwalimu wangu huyu."

Nisiseme uongo, nilitaka kunyamaza. Sifa ni tamu, na mkaguzi alikuwa tayari ananitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata kwa Mzungu yeyote. Lakini nilimwona yule mtoto wa watu amesimama pale, kaniokoa mimi niliyekuwa namzamisha, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Si kweli, Bwana," nikasema. "Mimi nilimkataza. Nilimkataza tangu siku ya kwanza."

Mkaguzi akanitazama, akautazama mkeka. "Basi kaa, mama. Nawe ufundishwe."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikakaa, na gauni langu lililopigwa pasi, na kilemba changu chenye vumbi la barabarani. Kasichana kamoja kakasogea kunipa nafasi.

Binti akaja mbele yangu. Hakusimama wima, alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana.

"Hujambo, mwalimu?"

Miaka yote ile nafundisha watu kujibu, leo machozi yakalitangulia jibu. Kasichana kakanigusa mkono, kakaninong'oneza kwa huruma, kakidhani sijui:

"Sema sijambo."